Ufalme wa Milimani: Je, Udogo wa Lesotho Ndio Umaskini Wake?

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba padogo pako si pakubwa pa mwenzako. Mnamo Machi 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alilihutubia bunge la nchi yake na, katika kuorodhesha misaada aliyoiona kuwa ya upuzi, akaitaja Lesotho kama nchi ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Kicheko kikasikika ukumbini. Mwezi uliofuata, nchi hiyohiyo isiyosikika ikatangaziwa ushuru wa asilimia 50 kwa bidhaa zake ziingiazo Marekani. Hakuna taifa huru jingine lililotwikwa mzigo mzito kuliko huo siku ile. Ushuru wenyewe ulishushwa hadi asilimia 15 mwezi Agosti mwaka huohuo, lakini kufikia hapo wanunuzi walikuwa wameanza kusita na cherehani nyingi zilikuwa zimenyamaza.

Makala haya hayakusudii kumjibu Rais huyo. Kinachotushughulisha ni dhana iliyojificha nyuma ya kile kicheko, dhana ambayo hata sisi Waafrika tunaishiriki bila kujua: kwamba nchi ndogo ni ya kuhurumiwa au kuchekwa, kwamba umaskini wake ni zao la udogo wake, na kwamba dawa yake ni kumezwa na jirani aliye mkubwa. Maoni yangu ni kinyume cha hayo. Lesotho haikuzaliwa maskini, ilifukarishwa. Na kama kuna ugonjwa unaoitafuna leo, ugonjwa huo hauitwi udogo.

Nchi na Watu Wake

Msomaji asiyeifahamu nchi hii na aichukue ramani ya Kenya, aitafute Kaunti ya Kitui. Eneo la Lesotho, kilomita mraba 30,355, linakaribiana mno na la kaunti hiyo. Tofauti ni kwamba Kitui ina majirani kadhaa, ilhali Lesotho ina jirani mmoja tu, Afrika Kusini, aliyeizunguka pande zote kama maji yazungukavyo kisiwa. Tofauti nyingine ni kimo. Hakuna nchi nyingine duniani ambayo ardhi yake yote iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mahali pa chini kabisa Lesotho pana kimo cha mita zipatazo 1,400, na kilele cha Thabana Ntlenyana kinafikia mita 3,482. Wakati wa kipupwe theluji huanguka milimani, ndiyo sababu blanketi la sufu kule ni vazi la heshima, la kuvaliwa arusini, jandoni na barazani, wala si tandiko la kitanda tu.

Sensa ya mwaka 2016 iliwahesabu watu 2,007,201. Hao hawafiki nusu ya wakazi wa Nairobi waliohesabiwa mwaka 2019. La kutafakarisha zaidi ni kwamba sensa ya mwaka 2006 ilikuwa imewahesabu watu 1,876,633. Kwa hivyo, katika muda wa miaka kumi taifa zima liliongezeka kwa watu wapatao 130,000 pekee. Sababu ni tatu: uzazi umepungua, vijana wanahamia Afrika Kusini, na Ukimwi umevuna wengi. Takriban mtu mzima mmoja kati ya kila watano anaishi na virusi vya Ukimwi, na kiwango hicho ni miongoni mwa vya juu kabisa ulimwenguni. Matarajio ya umri wa kuishi, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalikaribia miaka 60, yaliporomoka chini ya miaka 50 katika muongo wa kwanza wa karne hii. Dawa za kupunguza makali zimewaokoa wengi tangu hapo, lakini kizazi kizima kimekwisha kulelewa na mabibi.

Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, watu hawa si wageni. Lugha yao ni ya Kibantu na ngeli zake ni ndugu wa ngeli zetu. Mmoja wao ni Mosotho, wengi ni Basotho, lugha yao ni Sesotho na nchi yao ni Lesotho. Kiambishi kile kile cha mwanzo kinafanya kazi ile ile kifanyayo kwetu tusemapo Msotho, Wasotho na Kisotho. Wao husema motho na batho, sisi mtu na watu. Wao leihlo na mahlo, sisi jicho na macho. Wao nama, sisi nyama. Kaulimbiu ya taifa lao ni maneno matatu: khotso, pula, nala, yaani amani, mvua na neema. Neno hilo la pula na neno letu mvua yametoka katika shina moja. Tukiijadili nchi hii, basi, tunajadili habari za jamaa.

Ghala Lililogeuzwa Kambi ya Vibarua

Taifa hili liliasisiwa na Moshoeshoe wa Kwanza. Katika miaka ya 1820, vita na njaa vilizisambaratisha jamii nyingi za kusini mwa Afrika, kipindi ambacho Wasotho hukiita Lifaqane. Mwaka 1824, Moshoeshoe aliwahamishia watu wake Thaba Bosiu, mlima wenye kilele bapa usiopandika kwa urahisi, na kutoka hapo akawa anawapokea wakimbizi wa koo na lugha mbalimbali. Aliwakopesha ng'ombe wa kukamua, akawapa mahali pa kulima, akaoa kwao na kuwaoza. Kwa hivyo, wanaodhani kuwa Wasotho ni kabila moja tangu kuumbwa kwa dunia wanakosea. Kabila hilo lilijengwa kwa hekima ya siasa. Methali yao isemayo kwamba chifu ni chifu kwa sababu ya watu ilikuwa ndiyo sera ya serikali.

Uchumi wa taifa hilo changa ulisimama juu ya rutuba ya bonde la Mto Caledon, ambao wenyewe huuita Mohokare. Huko walilima mtama, mahindi na ngano. Makaburu wa jimbo la Orange Free State wakalikodolea macho bonde hilo. Vita vikazuka mwaka 1858, vikarudi tena mwaka 1865 hadi 1868. Moshoeshoe, alipoona maji yamezidi unga, aliomba ulinzi wa Uingereza, naye akaupata mwaka 1868. Alifariki mwaka 1870 akiwa ameiokoa nchi, ila nchi yenyewe ilikuwa imekatwa. Mpaka uliochorwa uliyaacha mashamba mazuri ya ng'ambo ya magharibi mikononi mwa Makaburu. Wasotho wakabaki na milima, pamoja na ukanda mwembamba wa nyanda kando ya mto. Hivi leo, takriban sehemu moja tu kwa kumi ya nchi ndiyo inayolimika.

Hata hivyo, hawakukata tamaa. Almasi ilipogunduliwa Kimberley, walioilisha migodi hiyo kwa nafaka walikuwa pamoja na wakulima wa Kisotho. Walikuwa ghala la jirani zao. Ni nini, basi, kilichowafikisha kwenye ufukara? Reli ilileta nafaka ya bei nafuu kutoka ng'ambo ya bahari. Sotoka ya mwaka 1896 na 1897 iliwafagia ng'ombe. Mkoloni alidai kodi ya nyumba kwa fedha taslimu. Watu waliosongamana katika ardhi iliyobaki waliilima bila kuipumzisha hadi ikamomonyoka na kupasuka makorongo. Kisha ukaja ukame mkali wa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mwanamume asiye na nafaka ya kuuza alibaki na bidhaa moja tu, nayo ni misuli yake. Wanunuzi wa bidhaa hiyo walikuwa tayari wanamngoja katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, zaidi ya Wasotho laki moja walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya Afrika Kusini, na fedha walizotuma zilikaribia nusu ya pato la taifa. Mume aliishi shimoni, mke akaishi mlimani, watoto wakamjua baba kwa barua na kwa zawadi za Krismasi. Mahari ililipwa kwa mshahara wa mgodi. Wavulana waliachiwa mifugo ya kuchunga, wasichana wakaenda shuleni. Ndiyo maana Lesotho ni mojawapo ya nchi chache za Afrika ambamo wanawake wanaojua kusoma na kuandika wamewapita wanaume. Ajabu ni kwamba mwanamke huyohuyo aliyesoma, aliyelima na kuiongoza nyumba, alihesabiwa na sheria kama mtoto chini ya mumewe hadi sheria ya wanandoa ilipobadilishwa mwaka 2006. Na hata baada ya hapo, mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ilikataa dai la binti wa chifu aliyetaka kumrithi babake. Hapa Wasotho hawana mkoloni wa kumlaumu.

Katika miaka ya 1990, migodi ilianza kupunguza wafanyakazi. Waliorudi nyumbani walikuta ardhi isiyotosha, nao wenyewe vifua vyao vimejaa vumbi la mawe. Mwaka 2019, mahakama ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya fidia ya randi bilioni 5 baina ya kampuni za dhahabu na wachimbaji waliougua mapafu, Wasotho wakiwamo. Kwa wengi, fidia hiyo iliwakuta makaburini. Ng'ombe akishakamuliwa hadi damu, hata ukimletea nyasi mbichi hainui kichwa.

Mvua Inyeshayo kwa Jirani

Watu walipopungua bei, yakaja maji. Milima ya Lesotho ni tangi la kusini mwa Afrika, na Gauteng, kitovu cha viwanda cha Afrika Kusini, ina kiu isiyokwisha. Mwezi Januari 1986, serikali ya ubaguzi wa rangi iliifungia Lesotho mipaka kwa kuwa ilikuwa ikiwahifadhi wapiganiaji uhuru. Tarehe 20 mwezi huo, Waziri Mkuu Leabua Jonathan akapinduliwa na jeshi. Tarehe 24 Oktoba mwaka huohuo, serikali ya kijeshi ikatia saini mkataba wa maji na Pretoria. Msomaji na ajipimie mwenyewe iwapo hayo yalikuwa mapatano ya watu wawili walio sawa.

Bwawa la Katse, lenye ukuta wa kimo cha mita 185, ndilo lililokuwa tunda la kwanza. Maji yalianza kuvuka mpaka mwaka 1998, na bwawa la Mohale lilipokamilika, mradi ulipata uwezo wa kupeleka hadi mita za ujazo milioni 780 kila mwaka. Lesotho hupokea mrabaha unaotokana na asilimia 56 ya akiba ambayo Afrika Kusini huipata kwa kuchukua maji haya badala ya kuyatafuta kwingine. Vilevile imepata umeme wa kituo cha Muela na barabara za milimani. Hayo ni manufaa, nasi hatuna budi kuyakiri. Lakini mashamba na malisho yalifunikwa na maji, familia zikahamishwa, na vipo vijiji karibu na mabwawa ambavyo akina mama wake bado huteka maji kwa ndoo kwenye chemchemi. Awamu ya pili, ya bwawa la Polihali, ilizinduliwa mwaka 2023. Ingekuwa aibu iwapo mabomba yake nayo yatapita juu ya vichwa vya wenye kiu.

Mradi huu, hata hivyo, umeuachia ulimwengu funzo moja ambalo halitajwi vya kutosha. Masupha Sole, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa mamlaka ya mradi huo, alitiwa hatiani kwa hongo mwaka 2002 na kufungwa. Mahakama za Lesotho hazikukomea kwa mla hongo. Ziliwageukia pia watoaji: kampuni ya Acres ya Kanada ikahukumiwa mwaka 2002, na Lahmeyer ya Ujerumani mwaka 2003. Nchi zenye mabunge makubwa na majeshi ya kutisha zimeshindwa kuyakamata mashirika ya kigeni yanayotoa hongo. Ufalme wa watu milioni mbili uliyakamata. Nani bado anasema kuwa nguvu za taifa hupimwa kwa kilomita?

Sindano, Uzi na Mnunuzi wa Mbali

Migodi ilipowafungia wanaume mlango, viwanda vya nguo viliwafungulia wanawake dirisha. Wenye mitaji kutoka Asia, hasa Taiwan, walijenga viwanda Maseru na Maputsoe, na sheria ya Marekani ya AGOA ya mwaka 2000 ikawapa soko lisilotozwa ushuru. Kufikia mwaka 2004, wafanyakazi walikuwa zaidi ya 50,000, wengi wao wanawake. Lakini mgawo wa soko la nguo duniani ulipoondolewa mwanzoni mwa mwaka 2005, baadhi ya viwanda vilifungwa na maelfu ya watu wakapoteza kazi. Mwaka 2019, ilibainika kwamba katika baadhi ya viwanda vya jinzi wanawake walikuwa wakilazimishwa na wasimamizi kutoa miili yao ili wasifutwe. Vyama vya wafanyakazi na mashirika ya wanawake vikapambana hadi yakapatikana makubaliano ya kuwalinda. Kisha ikaja dhoruba ya ushuru ya mwaka 2025, na mwezi Julai mwaka huo serikali ikatangaza hali ya janga la kitaifa kwa sababu ya ukosefu wa kazi miongoni mwa vijana.

Tusidhani kwamba haya ni ya Maseru pekee. Dada zetu wa Athi River hushona nguo za soko lilo hilo, chini ya sheria iyo hiyo ya AGOA, na wino wa kalamu iyo hiyo unaweza kuwaachisha kazi. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Tukijumlisha, tunaona kwamba Lesotho imeuza vitu vitatu kwa zamu: watu, maji na nguo. Katika biashara zote tatu, mnunuzi amekuwa mmoja au wachache, na bei imepangwa naye. Hata fedha zake zimefungwa kamba. Loti, jina ambalo maana yake ni mlima, ina thamani sawa na randi, kwa hivyo gharama ya mikopo huamuliwa Pretoria. Mapato ya umoja wa forodha ulioanzishwa mwaka 1910 yamekuwa, katika baadhi ya miaka, karibu nusu ya mapato yote ya serikali. Yakipanda, bajeti hunenepa, yakishuka, walimu hungoja mishahara. Huu ndio ugonjwa ninaousema. Ni ugonjwa wa kutegemea mlango mmoja, na nchi kubwa pia huuugua.

Lugha Moja, Nyoyo Mbalimbali

Mara kwa mara sisi Wakenya hudai kwamba chanzo cha misukosuko yetu ya kisiasa ni wingi wa makabila na lugha. Kwenye makongamano yetu ya Kiswahili, hoja hiyo hufuatwa na nyingine: tukiwa na lugha moja, tutakuwa kitu kimoja. Naipenda hoja hiyo, lakini Lesotho inaitia doa.

Hapa pana taifa ambalo karibu kila raia anazungumza Kisotho. Gazeti la Kisotho, Leselinyana la Lesotho, lilianzishwa Morija mwaka 1863. Riwaya ya kwanza ya Thomas Mofolo, Moeti oa Bochabela, ilitoka kama kitabu mwaka 1907, na Chaka yake mashuhuri mwaka 1925. Tukumbuke kwamba Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, inayotajwa miongoni mwa kazi za mwanzo za nathari ndefu ya Kiswahili, ilichapishwa mwaka 1934. Ufalme huu mdogo, basi, ulitutangulia. Katiba ya mwaka 1993 iliitambua lugha hiyo kuwa rasmi sambamba na Kiingereza. Umoja wa lugha wanao.

Amani je? Mwaka 1970, Leabua Jonathan alipoona anashindwa katika uchaguzi, aliisimamisha katiba. Mwaka 1986 yakaja mapinduzi ya kijeshi. Mwaka 1990, Mfalme Moshoeshoe wa Pili alifukuzwa nchini. Mwaka 1998, chama kimoja kilitwaa viti 79 kati ya 80 vya majimbo. Wapinzani wakaingia barabarani, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia nchini, na katikati ya jiji la Maseru kukateketezwa. Mwaka 2014, waziri mkuu alikimbilia Afrika Kusini akihofia jeshi lake mwenyewe. Wote waliogombana walitukanana kwa lahaja moja.

Wagombania nini watu wa lugha moja? Jibu langu ni kwamba wanagombania mlango wa pekee uliobaki wazi. Mahali ambapo mashamba yamekwisha, migodi imefunga na viwanda ni vya wageni, serikali huwa ndiyo mgodi mpya. Anayeshindwa katika uchaguzi hushindwa pia kulipa karo. Kwa hali hiyo, hata ndugu wa tumbo moja watatafuta tofauti ya kuwatenganisha. Wakikosa kabila, watatumia chama. Damu iliyomwagika Kenya baada ya uchaguzi wa mwaka 2007 ilivaa vazi la ukabila, lakini chini ya vazi hilo palikuwa na ardhi na mkate. Kiswahili kinaweza kutuwezesha kusikilizana. Hakiwezi kugawa mkate kwa niaba yetu.

Wasotho wamejifunza kitu, nao wanastahili sifa kwa hilo. Kuanzia mwaka 2002, bunge lao lina viti 120: 80 vya majimbo na 40 vinavyogawanywa ili uwiano wa kura uonekane bungeni. Tangu mwaka 2012, serikali zao zimekuwa za muungano, dhaifu na za kubishana, lakini zinazobadilishwa kwa kura. Mfalme Letsie wa Tatu ni alama ya umoja na hana mamlaka ya kuendesha serikali. Wanaoichanganya Lesotho na Eswatini, ambako mfalme angali mtawala kamili, hawajaitendea haki.

Je, Imezwe?

Wapo wanaosema, hata miongoni mwa Wasotho wenyewe, kwamba heri nchi ijiunge na Afrika Kusini. Mwaka 2010 palikuwa na vuguvugu lililokusanya saini kuomba hivyo. Kwa upande wa pili, mnamo Machi 2023 mbunge mmoja aliwasilisha hoja bungeni Maseru akitaka jimbo la Free State na maeneo mengine yarudishwe Lesotho. Hoja hizi mbili zinaonekana kupingana, ila zote zinakiri jambo moja, kwamba mipaka ya sasa ni jeraha.

Nisemavyo mimi, kumezwa si dawa, na ushahidi uko karibu. Wapo Wasotho waliobaki ng'ambo ya mpaka. Wakati wa ubaguzi wa rangi, wengi wao walisukumwa hadi QwaQwa, kipande cha ardhi kilichofanywa kuwa eti nchi yao, na hadi leo sehemu hiyo ni miongoni mwa zenye umaskini mkubwa Afrika Kusini. Kuwa ndani ya nchi kubwa hakukuwaokoa. Zaidi ya hayo, ufalme huu mdogo ndio uliokuwa kimbilio. Vijana waliotoroka risasi baada ya maasi ya Soweto ya mwaka 1976 walipata hifadhi Lesotho. Ililipia ukarimu huo: Desemba 1982, makomando wa Afrika Kusini waliivamia Maseru usiku na kuwaua watu 42, wakiwamo Wasotho 12. Kama pasingekuwa na padogo hapo, wakimbizi wale wangekimbilia wapi?

Dawa ninayoiona ina viungo vitatu. Kwanza, maji. Gauteng haiwezi kuishi bila milima ya Lesotho, na hilo ni turufu. Kila awamu mpya ya mradi ni nafasi ya kudai bei ya haki, ajira kwa wenyeji na bomba katika kila kijiji kinachoona bwawa kutoka dirishani. Pili, watu. Kwa zaidi ya karne moja, Wasotho wameijenga Johannesburg. Ni haki yao kuvuka mpaka, kufanya kazi na kupata pensheni bila kusumbuliwa kama wezi. Hilo linaweza kupatikana kwa mkataba bila kuifuta bendera. Tatu, nyumba yenyewe isafishwe. Wanawake waliokwisha kuibeba nchi wapewe ardhi na uongozi pasipo vikwazo, na jeshi libaki kambini.

Tamati

Sisi tulio Afrika Mashariki tuna sababu ya kulifuatilia suala hili. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichoanza mwaka 1963 kilivunjika mwaka 1970, kila nchi ikachukua chake. Chuo kilichoziunganisha Lesotho, Botswana na Swaziland, makao yake yakiwa Roma nchini Lesotho, nacho kilianza kuvunjika mwaka 1975. Huko na huku, tulidhani kwamba kila mmoja akijifungia chumbani mwake atakuwa tajiri. Sasa tunajifunza kwa uchungu kwamba njia ya wadogo ni kushirikiana wakiwa wamesimama, si kumezwa wala kujitenga.

Taifa halipimwi kwa kipimo cha ramani. Hupimwa kwa uwezo wa watu wake kupanga bei ya jasho lao na kumuuliza kiongozi wao maswali. Kwa kipimo hicho, nchi nyingi zinazojiita kubwa bado ni ndogo sana. Nasi, kabla ya kumcheka jirani aliyezungukwa na mlango mmoja, na tuhesabu milango yetu ni mingapi, na funguo zake ziko mikononi mwa nani.